Malampaka: Stesheni Moja, Reli Mbili

Abiria wa Maswa akipanda treni, hashukii mjini Maswa. Makao makuu ya wilaya yako Nyalikungu, na reli haijawahi kufika huko. Hushuka Malampaka, magharibi mwa wilaya, kisha akatafuta gari. Ndivyo ilivyo tangu enzi za Waingereza.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Usukuma, yaani eneo la Maswa na Mwanza, ukaachwa pembeni. Mizigo ya Mwanza ilivushwa Ziwa Victoria kwa meli hadi Kisumu, ikapakiwa kwenye treni ya Mombasa, na malipo ya safari hiyo yakanufaisha reli ya Kenya na Uganda. Pamba ilipozidi kulimwa, utawala wa Kiingereza Tanganyika ukajenga tawi kutoka Tabora kupitia Shinyanga, likafika Mwanza mwaka 1928.

Stesheni za tawi hilo zilipewa majina ya mahali zilipojengwa: Seke, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare, Fela. Karani wa mizigo, mkulima na mchuuzi wote walijua robota linakwenda wapi. Bariadi nayo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa kabla ya kujitenga, ilitegemea stesheni ya Malampaka.

Reli ya kisasa, SGR, imefuata ushoroba uleule. Mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Januari 2021 na kampuni za Kichina CCECC na CRCC. Juni 14 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi. Njia ya zamani ina upana wa mita moja. Hii mpya ina milimita 1,435, na treni ya abiria imesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Malampaka imo tena katika orodha ya stesheni.

Kwenye SGR, hata hivyo, majina yamechukua njia nyingine. Stesheni kubwa zimepewa majina ya marais: Dar es Salaam ni ya Magufuli, Morogoro ni ya Kikwete, Dodoma ni ya Samia. Jiji kubwa halipotei kwa kubadilishiwa jina la stesheni. Msafiri anajua yuko Dodoma. Kituo cha wilayani ni tofauti, kwani jina lake ndilo linalomwambia mgeni ashuke wapi.

Kwa hiyo Malampaka ibaki Malampaka. Heshima ambayo Maswa inaidai ni barabara nzuri na stendi ya mabasi mlangoni pa stesheni, ili anayekwenda Nyalikungu, Bariadi au Meatu asishushwe kwenye treni ya kasi akalale akisubiri gari. Halmashauri na Shirika la Reli wayapange hayo sasa, kabla treni ya kwanza haijapita.