Nyumba Njema Si Mlango: Mitaa ya Nairobi na Viwanja Vyake

Kazi ya chama cha ustawi huhesabiwa kwa kawaida kwa fedha zilizoingia na zilizotoka, kwa wagonjwa waliotazamwa, kwa wafiwa waliosaidiwa, na kwa watoto waliolipiwa karo. Hesabu hizo ni za haki, nazo zimewekwa mahali pake katika kitabu hiki. Lakini liko jambo jingine lisiloingia katika safu za tarakimu, ingawa lagusa maisha ya kila mwanachama tangu asubuhi hata usiku. Nalo ni umbo la mahali tunapokaa. Upana wa chumba, mahali pa bomba, kivuli cha mti, ukumbi wa kukutania, uwanja wa watoto: haya yote yaliamuliwa na mtu fulani, kwa nia fulani. Twaona yafaa mwaka huu tusimulie kwa ufupi jinsi yalivyoamuliwa hapa Nairobi. Mitaa kadhaa ya kale imebomolewa au imo katika mipango ya kubomolewa, na asiyejua kilichojengwa hatajua kinachopotea.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mji ukaota mahali palipokuwa na kinamasi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, bingwa wa mambo ya afya, alikagua miji ya Afrika ya Mashariki, akashauri kwamba watu wa kila asili wakae mbali na wengine. Katika mji uliokua baadaye, Wazungu walishika miinuko ya magharibi na kaskazini yenye hewa na miti, na Mwafrika akasukumwa kwenye tambarare ya mashariki, penye udongo mweusi unaotuamisha maji. Zaidi ya hayo, Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa mji: mwanamume mmoja mwenye kipande shingoni, aliyekuja kufanya kazi na ambaye angerudi kwao kazi ikiisha. Kwa hiyo makao yake yalipimwa kwa kitanda. Pale Kariokor, palipokuwa kambi ya wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, palijengwa mabweni. Katika majengo ya namna hiyo hapakuwa na nafasi ya mke, wala ya mtoto, wala ya mzazi aliyekuja kumtazama mwanawe. Aliyeyachora hakukosea hesabu. Alifanya kama alivyotumwa. Ramani ya nyumba ilikuwa ni sheria iliyoandikwa kwa mawe.

Si mbali na hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1920, vilipimwa viwanja vya Pumwani, na wenyeji wakaruhusiwa kujijengea wenyewe. Ndipo lilipopatikana jina la Majengo. Walijenga kwa miti na udongo, kwa mtindo uliotoka pwani: baraza mbele, ujia katikati, vyumba mkono wa kulia na wa kushoto, na uani nyuma kwa kupika na kufua. Nyumba hiyo ilikuwa na akili yake. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja akapangisha vilivyobaki, na mgeni aliyetoka bara alipata kwa siku moja chumba, majirani, na mtu wa kumwuliza habari za kazi. Barazani watu walizungumza, uani walisaidiana. Wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake, na kwao kodi ya vyumba ndiyo iliyokuwa akiba ya uzeeni. Hatusemi kwamba Majengo palikuwa peponi. Maji na vyoo vilikuwa haba, na vyumba vilijaa kupita kiasi. Twasema tu kwamba maskini wale, waliojenga bila mchoraji, walikumbuka jambo ambalo wachoraji wa mabweni hawakutumwa kulikumbuka, yaani mtu hakai na kuta, hukaa na watu.

Kijiji cha Pangani, ambacho ni cha kale zaidi, hakikupata bahati hiyo. Kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Baraza la Mji likajenga Shauri Moyo kwa ajili ya waliohamishwa. Kuta za Shauri Moyo zilikuwa imara kuliko zile za Pangani, lakini wengi waliokuwa na nyumba zao walijikuta wapangaji. Hapo ndipo tunapofahamu maana ya wahenga waliosema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Vita vya pili vya dunia vilileta mawazo mapya. Watu wa kazi waliongezeka mno mjini, vyumba vikawa havitoshi, na wakubwa wakaanza kukiri kwamba mfanyakazi naye ana jamaa. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulifuata mawazo ya mji wa bustani yaliyoenezwa na Mwingereza Ebenezer Howard katika kitabu chake cha mwaka 1898. Nyumba zake ni za mawe, za chini, zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani na miti badala ya kusimama safu kwa safu kama kambi ya askari. Ukumbi uliwekwa katikati ya mtaa. Mwaka 1948 ilitolewa ramani kuu ya Nairobi, iliyotungwa na L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, nayo ilitaka mji ugawanywe katika ujirani, kila ujirani uwe na shule yake, maduka yake na uwanja wake, ili mama asivuke barabara kuu kwenda sokoni wala mtoto kwenda shule.

Yafaa tuseme wazi kwamba nia ya wajengaji haikuwa safi yote. Walitaka watu watulie, wacheze ngoma na mpira, wasahau siasa. Lakini uwanja ukishatolewa, wanaokutana hapo ndio huamua wakutanie nini. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo wa Kaloleni, ulifanywa mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Hapo ndipo Makhan Singh aliposimama na kudai nchi hizi zipewe uhuru kamili mara moja. Mwezi uliofuata alikamatwa, na alikaa kizuizini zaidi ya miaka 11. Baadaye Tom Mboya, aliyechaguliwa mwaka 1957 kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwahutubia watu katika ukumbi uo huo. Aliyechora ukumbi ule hakukusudia uhuru. Aliweka tu chumba kikubwa mahali ambapo kila mtu angeweza kufika kwa miguu, na historia ikaingia kwa mlango ule.

Hata hivyo, ramani njema haishindi utawala mbaya. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, askari waliizingira Nairobi, wakawakusanya makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na wengi wakapelekwa kambini. Miti na bustani havikumlinda mtu. Mkaaji hakuwa na neno katika mtaa wake. Alipewa, na aliyempa aliweza kumnyang'anya.

Baada ya uhuru yalijaribiwa mengine. Dandora ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikawa na viwanja vipatavyo 6,000. Mwenye kiwanja alipata maji, bafu na choo, naye akajenga vyumba mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Nyuani ziliachwa kati ya nyumba ili majirani wazitumie pamoja. Lakini ua wa wote usio na mtunzaji ni ua wa takataka, na nyingi ziliharibika zikawa maficho ya wahalifu. Katika miaka ya 2010 vijana wa huko, wakiwa katika umoja uitwao Dandora Transformation League, walianza kuzirudisha nyua hizo moja moja. Walizoa taka, walipanda miti, walipaka rangi, walitengeneza pahali pa watoto kucheza, na wakawaomba wakaaji wachange kidogo kwa matunzo. Ramani haikubadilika hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni kwamba ua ulipata wenyewe.

Huko Kibera nako, tangu mwaka 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative limefanya kazi pamoja na wakaaji wa kando ya Mto Ngong na vijito vyake. Wasanifu hawakuanza kwa kuchora; walianza kwa kuuliza. Mahali palipokuwa jaa, pamewekwa kuta za mawe yaliyofungwa kwa waya ili kuzuia mafuriko, madaraja, vyoo, mabomba ya maji, banda la mikutano na uwanja wa watoto. Vikundi vya wakaaji ndivyo viendeshavyo, na pato dogo litokalo hapo husaidia kutunza mahali penyewe. Umuhimu wa kazi ya namna hii ulionekana Aprili na Mei 2024, mvua kubwa ilipofurika mito ya Nairobi na watu wengi waliokaa kando yake wakapoteza nyumba, na wengine roho zao. Bustani kando ya mto si pambo la tajiri. Kwa maskini ni boma.

Basi twajifunza nini? Bweni la Kariokor halikumhesabu mkaaji kuwa mtu mwenye jamaa. Kaloleni ilimhesabu, ikampa mahali pa kukutana na wenzake, lakini haikumpa neno. Dandora ilimpa kiwanja, ila kwa muda mrefu haikumpa njia ya kutunza ua wa pamoja. Kila mtaa ulipungukiwa pale ambapo wachoraji hawakuuliza, maana kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Sasa mitaa ya kale ya mashariki inapewa zamu ya kujengwa upya kwa maghorofa. Hatupingi maghorofa. Watu ni wengi, nyumba ni chache, na mabomba ya zamani yamechakaa. Lakini twawasihi wanachama wetu, kila ramani mpya itakapobandikwa ukutani au kuletwa mkutanoni, wasihesabu vyumba peke yake. Waulize maswali matatu. Kwanza, wanaokaa hapa leo wamehesabiwa, pamoja na wazee, watoto na wapangaji wasio na hati? Pili, watu watakutana wapi, na watoto watacheza wapi, bila kulipa kiingilio? Tatu, ni nani atakayeamua na kutunza, na neno lake litaandikwa wapi?

Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa. Yahitaji watu waliofika mkutanoni mapema, wakakaa hadi mwisho, na kuhakikisha kwamba majibu yameandikwa. Ukumbi ukishabomolewa na uwanja ukishauzwa, hakuna taarifa ya mwaka itakayoweza kuvirudisha.