Mutoto kiziwi: shukrani ya muzazi inaanza wapi?

Kwa muzazi wa mutoto kiziwi, furaha ya kwanza haiko diploma. Ni siku mutoto anaonyesha kwa mikono kama tumbo inamuuma, ao anaomba maji bila kulia. Wazazi ambao watoto wao walianza mapema wanashukuru kwanza juu ya ile. Na kufika pale inaomba mutoto apate lugha, na lugha haingojee miaka 6.

Mutoto anayesikia anakusanya maneno tangu mama anamubeba mugongoni. Kwa kiziwi, mulango ni macho na mikono. Uchunguzi wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake kule Colorado, Marekani, uliotoka mwaka 1998, ulionyesha kama watoto waliojulikana mbele ya miezi 6, na kusaidiwa mara moja, walikuwa na lugha ya muzuri kupita wale waliojulikana nyuma.

Kule wanapima masikio wakati mutoto anazaliwa. Hapa kwetu Lubudi, kipimo cha kwanza ni muzazi mwenyewe. Mulango unapigwa kwa nguvu, mutoto hashituke? Miezi 6 imepita, hageukie sauti ya mama? Ana mwaka 1 na hajue jina lake? Muende kwa munganga. Vilevile kisha meninjite, surua, ao masikio inayotoka usaha. «Atasema tu, hata baba yake alichelewa»: ile maneno imekula miaka ya watoto wengi.

Wengine wanasema ni ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inamulinda yule anayesingiziwa ulozi, na anayemusingizia anaweza kufungwa.

Andrew Foster, Mumarekani mweusi, alipoteza masikio akiwa na miaka 11 juu ya meninjite. Mwaka 1957 alifungua masomo ya viziwi katika Ghana, kisha katika inchi zingine nyingi, pamoja na yetu. Viziwi wengi wa Kongo wanatumia alama zenye mizizi katika kazi yake.

Sasa fasi ya shida. Katiba, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali inaitimiza. Materneli haiko ndani. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya watu wanaoishi na ulemavu inawapa haki ya kusoma pamoja na wengine, lakini kiziwi anafika primeri bila lugha yoyote, mwalimu anasema akiangalia ubao, na mutoto anaitwa mupumbavu. Miaka ya maana zaidi imebaki kwa mufuko wa muzazi. Na kutoka Lubudi mupaka Kolwezi haiko safari ya kila siku.

Kwa hiyo muanze nyumbani. Mutafute kiziwi mukubwa anayejua alama, aje kucheza na mutoto. Museme naye uso kwa uso, penye mwangaza. Na mama akisha kujua alama kumi, afundishe ndugu za mutoto, juu wao ndio wanashinda naye.