Mfagizi Asiyefagia: Historia ya Samaki wa Chini katika Tangi la Diskasi

Mtu anayeanza kufuga diskasi, yule samaki bapa wa mviringo kutoka bonde la Amazon, hachelewi kushauriwa anunue na samaki wa kukaa chini ili amfanyie usafi. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na wengi huupokea bila kuuliza umetoka wapi. Umetoka London, katikati ya karne ya 19, kabla diskasi hajawahi kuonekana katika tangi lolote la kioo Ulaya. Hoja ya makala hii ni kwamba makosa mengi ya kumchagulia diskasi majirani yanatokana na urithi huo: tumekuwa tukiwachagua samaki wa chini kwa kazi tuliyowabunia, badala ya kuwachagua kwa maji wanayoyaweza, chakula wanachokila na tabia walizonazo.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington aliwaeleza wanasayansi wenzake jaribio alilolifanya London. Alikuwa ameweka samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini katika chombo kimoja ili mmea uwape samaki oksijeni. Majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka, aliongeza konokono wa bwawani, nao wakala yaliyooza, maji yakatakata. Hapo ndipo wazo la tangi linalojiendesha lenyewe lilipopata nguvu, na ndani yake pakawa na nafasi ya kudumu ya kiumbe wa chini anayekula uchafu. Wakati huo hapakuwa na pampu za umeme wala machujio ya kisasa, kwa hiyo wazo hilo liliwafaa sana watu wa zama zile. Baadaye samaki walipoanza kuingia Ulaya kutoka nchi za joto, nafasi ya konokono ilikuwa tayari inamsubiri mwingine.

Aliyeijaza ni koridorasi, kambare mdogo mwenye magamba magumu kama deraya, anayechokoa mchanga kwa sharubu zake. Spishi iliyoenea mapema ni Corydoras paleatus. Charles Darwin alikusanya vielelezo vyake katika safari ya meli ya Beagle, Leonard Jenyns akaieleza kisayansi mwaka 1842, na kabla karne ya 19 haijaisha ilikuwa imekwisha kuzalishwa Paris. Huyu ni samaki wa bonde la mto La Plata, kusini mwa Amerika ya Kusini, ambako maji hupoa wakati wa kipupwe, ndiyo maana aliweza kuishi katika vyumba vya Ulaya visivyo na joto la kutosha. Vitabu vya wafugaji vikamweka katika fungu la wala mabaki, naye akazoeleka kuwa kambare wa bei nafuu anayefaa kila tangi. Hakuna aliyeuliza ni tangi la nyuzijoto ngapi, kwa kuwa samaki wengi waliokuwa wakifugwa naye hawakuhitaji joto la kupita kiasi.

Diskasi ndiye aliyelazimisha swali hilo liulizwe. Johann Natterer, Mwaustria aliyekaa Brazili miaka 18, alipeleka vielelezo Vienna, na Jakob Heckel akampa samaki huyo jina la Symphysodon discus mwaka 1840. Ilichukua karibu karne nzima kabla hajafika akiwa hai kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, katika miaka ya 1930. Huyu hutaka maji ya nyuzijoto 28 hadi 30. Katika joto hilo paleatus huhangaika: mwili wake huenda mbio kuliko alivyoumbwa, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Lakini jamaa zake wa maeneo ya joto huhimili zaidi. Corydoras sterbai, aliyeelezwa mwaka 1962 kutoka bonde la mto Guaporé, kwenye eneo la mpaka wa Brazili na Bolivia, ndiye anayependekezwa sana na wafugaji wa diskasi leo. Usafi si sababu ya kupendekezwa kwake, maana hamshindi paleatus kwa kazi hiyo. Anapendekezwa kwa sababu anavumilia nyuzijoto 28, ni mpole, na hawezi kumnyang'anya chakula samaki anayekula polepole.

Ushahidi wa pili uko kwenye ngozi ya diskasi. Vifaranga wake hulishwa ute unaotoka mwilini mwa wazazi, jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walilichunguza na kulichapisha mwaka 2010, wakilifananisha na malezi ya mamalia. Ute huo pia ni kinga yake dhidi ya vijidudu. Sasa chukua pleko wa kawaida, yule kambare mwenye mdomo wa kunyonya anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kwa ahadi kwamba atakula mwani. Anapokua, aghalabu huugundua ubavu mpana wa diskasi aliyetulia usiku, akamng'ang'ania na kuukwangua ute, akamwachia vidonda. Aliyenunuliwa kusafisha kioo anamsafisha mwenye nyumba. Hata neno "pleko" lenyewe linafunika viumbe wengi mno. Mwaka 1988 gazeti la Kijerumani la DATZ lilianza kuwapa kambare hao namba zenye herufi L, kwa kuwa walikuwa wakiingia sokoni wengi kuliko wanasayansi walivyoweza kuwapa majina. Miongoni mwao wako wala miti, wako wala mwani, na wako wanaopenda nyama, kama Hypancistrus zebra wa mto Xingu aliyeelezwa mwaka 1991. Kundi lenye vyakula tofauti kiasi hicho haliwezi kupewa kazi moja.

Atasema mtu kwamba jaribio la Warington lilifanikiwa, na kwamba koridorasi hula kweli mabaki yaliyoanguka. Ni kweli, anakula. Lakini alichokila hakitoweki. Hugeuka kinyesi na amonia, vikabaki katika maji yale yale mpaka bakteria wa chujio wavichakate na mfugaji abadilishe maji. Warington alikuwa na samaki wawili tu na mmea uliokuwa ukifyonza taka. Diskasi wanaokua hulishwa mara kadhaa kwa siku, tena vyakula vizito vya nyama, na hesabu ya konokono haiwatoshi. Wazalishaji wa diskasi walilijua hili mapema: wengi wao, Ulaya, Marekani na baadaye Asia, waliondoa mchanga wote na samaki wa chini pamoja nao, wakawa wanavuta uchafu kwa mpira. Waliotafuta usafi kuliko wote hawakumtegemea mfagizi.

Mwingine atasema kwamba diskasi wa leo amezaliwa Thailand au Malaysia, katika maji ya bomba, na Amazon ni hadithi kwake. Kuhusu ugumu wa maji ana hoja, kwa kuwa vizazi vingi vimezoea maji ambayo wahenga wao hawakuyajua. Ila uzalishaji huo umebadilisha hasa rangi na umbo. Joto analolihitaji na ute unaomkinga ni vile vile, kwa hiyo vipimo vya kumchagulia jirani havijabadilika. Ndiyo maana hata gogogo wa Ziwa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, mwenye madoa ya kuvutia na sifa kubwa duniani, hamfai: amezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9, mbali na maji laini ya asidi ambako diskasi alitoka, na ana pilikapilika zinazomtia jirani yake hofu.

Kwa hiyo muuzaji akikuuliza kama unahitaji msafishaji, mwulize yeye maswali matatu: samaki huyu anavumilia nyuzijoto ngapi, anakula nini akishakomaa, na atakuwa na urefu gani? Asipoweza kuyajibu, usinunue. Koridorasi wa maji ya joto, sita au zaidi kwa kuwa ni samaki wa kundi, wakilishwa chakula chao wenyewe, ni majirani wema wa diskasi. Usafi wa tangi ni kazi ya mwenye tangi.