Wanawake 50 wa Fort Jesus

Nyanya aliponiona nimebeba mkoba asubuhi pale Kaloleni, Voi, aliuliza ninaenda wapi.

"Mombasa, Nyanya. Fort Jesus."

"Gerezani? Kwani umefanya nini?"

Hakuwa anatania. Kwa rika lake, Fort Jesus ni jela. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na ikabaki hivyo hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960. Hata neno lenyewe, gereza, husemekana lilitokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Na kweli, kanisa la Wareno lilikuwa mle ndani.

Ukiitazama kutoka baharini, ngome hii inafanana na zile za kwenye sinema za wafalme na mashujaa wa upanga. Lakini usitafute minara mirefu. Ilianza kujengwa 1593, enzi ya mizinga, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mnara mrefu ungekuwa shabaha tu. Kwa hivyo kuta ni nene ajabu, zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe kama zimeota hapo.

Juu ya lango kuna maandishi ya 1635 ambayo kapteni mmoja Mreno alijisifu ushindi wake wote. Nilipita haraka. Mimi nilikuwa nawaza mwaka 1697.

Waomani walikuwa wameizingira ngome tangu Machi 1696. Ndani, tauni iliua watu kuliko risasi. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 Wareno walikuwa wamekwisha, na ulinzi ukabaki kwa Bwana Daudi wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hesabu mwenyewe: wengi wa walinzi walikuwa wanawake. Walishikilia ngome ya Mreno wiki kadhaa bila Mreno, mpaka msaada ukaja Septemba. Waomani waliiteka Desemba 1698, baada ya karibu miezi 33.

Kapteni ana jiwe lake langoni. Hao 50 hawana hata jina moja ukutani. Inaudhi, bana.

Jioni nikamsimulia Nyanya. Alisikiliza huku anachambua maharagwe, kisha akauliza kitu kimoja tu, swali la mtu wa Voi:

"Maji walitoa wapi?"

Nikamwambia kuna birika kubwa la maji ya mvua, nimeliona.

"Aa," akasema. "Sasa naelewa."

Akaendelea na maharagwe yake.