Kutoka Kipande Hadi Kikokotoo

Juma hili tuzungumzie uzee wa mtu mwenye kazi. Tangu mwaka 2018 neno kikokotoo halitoki midomoni mwa watumishi wa nchi hii, na wengi hulijadili kana kwamba shida yake ilizaliwa juzi. Sivyo. Swali lililomo ni la zamani: mfanyakazi aache kazi lini, na akishaacha atakula nini na atatibiwa kwa fedha gani? Ili tuione njia tuliyopita, twendeni Mlangali, katika nyanda za juu zenye baridi za Ludewa, mkoani Njombe.

Wakati wa Waingereza eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya Njombe, na Njombe ilijulikana kwa kutoa vibarua. Serikali ilidai kodi kwa fedha taslimu, na mazao ya kuuza yalikuwa machache. Vijana wa Kibena na Kipangwa wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU, na walioandikishwa wakajulikana kwa jina la manamba. Kazi yao ilipimwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyougua haikuhesabiwa.

Mkataba ulipokwisha, manamba alirudi kwao na blanketi, nguo na shilingi zilizosalia. Hakuna aliyekuwa amemwekea akiba ya uzeeni. Mwajiri alijua kwamba uzee wa mtu huyu utatunzwa na shamba la ukoo na watoto wake. Nguvu za ujana zilichukuliwa na mkonge, na gharama ya uzee ikaachiwa kijiji. Shilingi zilipokwisha, njia ilikuwa moja tu: kurudi tena Tanga, mradi mgongo ungali na nguvu. Mtu wa namna hii hakustaafu. Aliacha kazi siku mwili ulipokataa.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi NPF. Mfanyakazi alichanga na mwajiri wake akachanga. Mwaka 1978 mashirika ya umma yakapata mfuko wao, PPF. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kibarua wa kawaida alikuwa na fedha inayomngoja mbele.

Lakini NPF ilikuwa na udhaifu mmoja. Mafao yake yalilipwa kwa mkupuo, na mkupuo hauna kinga dhidi ya bei. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17 kwa bei ya serikali. Mwaka 1990 ilikaribia shilingi 195. Mtu aliyekatwa mshahara tangu miaka ya sitini, akitumaini kujenga nyumba ya bati, alijikuta na hundi isiyotosha hata bati zenyewe. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini akiba ya shilingi iliweza kuyeyuka. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1997 iliigeuza NPF kuwa NSSF, mfuko unaolipa pensheni kila mwezi kwa aliyechangia miezi isiyopungua 180.

Wakati huohuo mlango wa pili wa gharama ulifunguliwa. Kwa miaka mingi hospitali za serikali zilitibu bila malipo. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Kijana huugua malaria, akapona, akasahau. Mzee hupata kisukari au shinikizo la damu, na dawa yake hununuliwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Hata hivyo msamaha haumsaidii mzee akifika dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue mjini.

Sasa turudi kwenye kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na sekta binafsi ikabakia NSSF. Kanuni mpya ziliweka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote, ilhali watumishi wengi wa serikali walizoea kupata asilimia 50. Kelele zikawa kubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024 ikaongeza kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Hasira ya mtumishi ina msingi. Anataka kumaliza nyumba, na ameona ahadi nyingi zikivunjwa. Lakini historia tuliyoisimulia inatuambia jambo moja waziwazi: kilichomwangusha mzee wetu mara zote mbili ni kukosa kinachoingia kila mwezi, ilhali njaa na maradhi huja kila mwezi. Kwa hiyo tupiganie mkupuo wa haki, na tupiganie kwa nguvu zaidi pensheni ya mwezi ipande pamoja na bei za sokoni. Kelele za jambo hili la pili bado ni ndogo.

Na je, mtu astaafu lini? Sheria inaruhusu kwa hiari akiwa na miaka 55, na inalazimisha akiwa na 60. Mafao hukokotolewa kwa miezi ya utumishi na wastani wa mishahara. Mwalimu mwenye miezi 300 akiwa na miaka 55, akiendelea hadi 60 atakuwa na 360. Hata mshahara usipopanda, mkupuo na pensheni yake vitaongezeka kwa moja ya tano. Anayeondoka mapema aulize kwanza kama anachokwenda kufanya kitamlipa zaidi ya hapo. Aulize pia habari za bima. Mwanachama wa NHIF aliyetimiza masharti huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake baada ya kustaafu. Asiondoke kazini kabla hajajua amekwisha kuyatimiza.

Lakini wengi wa Mlangali hawana mfuko wowote. Mfuko wao ni viazi, mahindi na misindano kilimani. Mti ni akiba nzuri, kwa sababu hupanda thamani ukiwa umesimama. Adui yake ni hospitali. Mama akilazwa, mnunuzi wa mbao huitwa, na miti michanga huuzwa kwa bei ya kutupa. Bima ya CHF iliyoboreshwa ilipoanza ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Wewe uliye mjini, unayetuma fedha nyumbani wazazi wakiugua, waulize wazazi wako kama wamo katika bima. Ada ya mwaka mzima yaweza kuuokoa msitu uliopandwa kwa miaka 15.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Manamba alirejea na blanketi. Sisi tulio kazini leo tuna sheria, mifuko na bima ambavyo yeye hakuvipata. Basi kaulizie michango yako mwezi huu, ungali kazini, maana mwajiri asiyeipeleka ni rahisi kumbana leo kuliko siku utakapokuwa umekwisha kukabidhi funguo za ofisi.

Tukutane juma lijalo.