Ile Messerschmitt ya Kwa Muvi Ni Mhispania

Wasee wa historia, leo nawaharibia muvi. Ile ndege ya Kijerumani yenye pua ya njano inayopambana na Spitfire kwa Dunkirk ya 2017 si ya Kijerumani hivyo. Iliundwa Uhispania miaka ya 1950, na ndani imebeba Rolls-Royce Merlin, injini ya Waingereza, ukoo mmoja na ile ya Spitfire. Yaani maadui wawili, moyo mmoja.

Jina lake halisi ni Hispano HA-1112 Buchón. Mwaka wa 1942 Uhispania ilikubaliana na Ujerumani iunde Messerschmitt Bf 109G nyumbani. Bodi chache zikafika, injini za Daimler-Benz zikakosa. Ujerumani yenyewe ilikuwa inazihitaji vitani. Wahispania wakajaribu injini ya Hispano-Suiza, haikuwaridhisha. Mwaka wa 1954 ndo wakapaisha ya kwanza yenye Merlin. Kama umewahi pita Grogan hii unaielewa bila kuelezwa: bodi ya huyu, injini ya yule, na safari inaendelea.

Na si wao peke yao. Czechoslovakia ilifunga Bf 109 injini ya Jumo, ile ya ndege za kubeba mabomu, ikaitwa Avia S-199. Marubani wakaibatiza nyumbu, na ukaidi wake walikuwa wanaujua. Israel ilinunua 25 mwaka wa 1948, zikawa ndege zake za kwanza za kivita.

Sasa utazitofautishaje? Anza na bomba za moshi. Injini ya Daimler-Benz imelala kichwa chini, silinda zikiangalia ardhi, kwa hivyo bomba zinatokea chini kwenye pua. Merlin imesimama wima, bomba ziko juu. Kisha hesabu panga za propela: Bf 109 ina tatu, Buchón ina nne. Mwisho angalia kidevu. Buchón imefura chini ya pua, na ndo maana ikapewa jina la njiwa anayevimbisha kifua.

Hata zile za Ujerumani zenyewe hazifanani. Ya E ina ncha za mabawa zilizokatwa mraba, na vyuma vya kushikilia mabawa madogo ya mkia. Ya F ikaviondoa vile vyuma, ncha zikawa mviringo, pua ikalainika. G-6 ikaota vinundu viwili mbele ya rubani, kwa sababu ya bunduki kubwa zaidi zilizowekwa pale. Zaidi ya 33,000 ziliundwa kwa jumla, na zinazoruka leo ni za kuhesabu.

Ndo maana watu wa filamu walikimbilia Uhispania. Buchón ziliundwa 172 na zikastaafu 1965. Mwaka wa 1968, wakati wa kushuti Battle of Britain, zikakatwa ncha za mabawa na kuwekewa vyuma feki vya mkia ili zifanane na ya E. Hata Heinkel kubwa za muvi hiyo zilikuwa za Kihispania, na zenyewe zilikuwa na Merlin.

Hapo mimi sina shida, muvi ni muvi. Shida yangu inaanza muvi ikiisha. Nyingi zimebaki na rangi za Ujerumani mpaka leo. Zingine zimeng'olewa Merlin, zikafungwa Daimler-Benz, sasa zinaitwa Bf 109G. Buda, huko si kurekebisha tu. Huko ni kufuta.

Kwa sababu Buchón ina maisha yake. Ilitumikia jeshi la Franco, na ilitumwa mpaka Sahara Magharibi, ikiwa bado koloni la Uhispania. Hiyo ni historia ya Afrika, wasee. Ukiipaka rangi ya vita ya 1940 unapata picha kali, lakini unampotezea mtu sababu ya kuuliza ile ndege ilikuwa inafanya nini jangwani kwetu.

Na hii ndo inanimaliza kabisa: Bf 109 ya kwanza kuruka, mwaka wa 1935, ilikuwa na Rolls-Royce Kestrel. Injini ya Mwingereza! Kwa hivyo anayetafuta Messerschmitt "safi" atatafuta sana. Ziacheni na makovu yao na majina yao. Moja ipakwe rangi za Uhispania, iandikwe Buchón kwa herufi kubwa, watoto waulize maswali.

Wewe unaonaje, irudishwe Ujerumani ama iachwe Mhispania?