Njaga, Mumbo na Kufuli Mbili

Ukikulia Migori ama Homa Bay, unajua neno njaga kabla ya kujua bangi. Mimi nililisikia kwa wazee, likitajwa kwa sauti ya chini kama jina la jamaa aliyefungwa. Hiyo sauti ya chini ina historia yake, na naianzia 1913.

Mwaka huo, kule Alego, Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemmeza kisha akamtema akiwa mzima, na ujumbe: Wazungu wataondoka. Dini yake ilishuka upesi hadi South Kavirondo, wilaya iliyobeba ardhi ambayo leo ni Migori, Homa Bay, Kisii na Nyamira. Wafuasi waliacha nywele zikue, wakavaa ngozi, wakavuta njaga waziwazi. Yaani kila kitu ambacho misheni ilikataza, wao walikifanya mchana kweupe.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mji wa Kisii. Maofisa wa Kiingereza wakahama. Watu wakaona unabii umetimia, wakapora maduka na ofisi. Waingereza waliporudi, walichoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Baadaye viongozi wa Mumbo walipelekwa uhamishoni Lamu.

Mwaka huohuo wa 1914, marufuku ya bangi ilianza kutumika nchini, chini ya sheria ambayo jina lake lilihusu kasumba, yaani afyuni. Sisemi iliandikwa kwa sababu ya Mumbo. Ila kwa ofisa aliyekaa Kisii, moshi wa njaga ulinuka uasi. Kwamba mmea wenyewe unafanya nini mwilini, hilo halikuwa swali lake.

Jibu lilichelewa sana. 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, wakiwa Israeli, walitenga THC, kemikali inayolewesha. 1990 wanasayansi wakasoma jeni ya CB1, kipokezi kilichojaa ubongoni. 1993 ikafuata CB2, ambayo hupatikana zaidi kwenye seli za kinga. Vichukulie kama kufuli mbili. THC ni ufunguo unaoingia kote kuwili. Ndiyo maana maabara zilitaka ufunguo wa mlango mmoja tu, na John W. Huffman wa Marekani akatengeneza JWH-133, inayoshika CB2 takriban mara 200 kuliko CB1. Kwa huo, watafiti huchunguza maumivu na uvimbe kwa wanyama bila kugusa sana ule mlango wa kulewa.

Sasa piga hesabu. Kutoka marufuku hadi CB1 ni miaka 76. Na 1994, mwaka mmoja tu baada ya CB2, Bunge letu lilipitisha sheria mpya ya mihadarati: miaka 10 jela kwa bangi ya kuvuta mwenyewe, 20 kwa nyingine. Kijana aliyekamatwa na karao Isebania na msokoto mmoja mfukoni alikuwa anatazama miaka 10.

Sitetei kuvuta. CB1 zimejaa ubongoni, na ubongo wa kijana bado unajengwa. Hilo si jambo la kuchezea. Lakini hiyo ni sababu ya kiafya, na tumeipata juzi. Wazee wetu walifungwa kwa sababu nyingine kabisa, na mpaka leo bado tunanong'ona.